Watu 46, Shahidi Mmoja

Kama ulisikiliza kipindi chetu cha mwisho kuhusu magrupu ya familia, utakumbuka nilicheka mpaka mwenzangu alipogeuka akaniuliza, "Na la kwenu je, liko vipi?" Nikasema "liko poa tu," tukaendelea. Baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kwa nini sauti yangu ilibadilika pale. Mlisikia vizuri. Halikuwa jibu la kweli, na leo nataka kuandika lile nililoshindwa kulisema kwenye maikrofoni.

Grupu letu la upande wa baba lina watu 46. Wengi wako Mombasa, wengine Muscat, wachache Toronto, halafu sisi wa Leicester. Si unayajua mambo yenyewe: asubuhi picha ya maua na sabalkheri, Ijumaa dua, mchana sahani ya mtu, usiku ujumbe mrefu uliosambazwa ambao hakuna anayejua umeanzia wapi. Mimi ni mfamasia. Nimezaliwa Uingereza na kusoma Uingereza, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaeleza watu dawa zao wazijue na wazinywe sawasawa.

Mwaka juzi, nikiwa kwenye mapumziko ya mchana, ukaingia ujumbe wenye ile mishale miwili ya kuonyesha kwamba umepita kwenye simu nyingi. Ulisema dawa za presha za hospitali zinaharibu figo. Ulisema maji ya ndimu na kitunguu saumu, glasi moja asubuhi na moja usiku, yanatosha. "Acha vidonge leo," uliandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Ulidai umetoka kwa daktari bingwa, lakini jina la huyo bingwa halikuwepo. Ndani ya saa moja watu 19 walikuwa wamejibu. Ahsante kwa kutujuza. MashaAllah. Mikono ya dua. Kisha shangazi yangu mkubwa, ambaye ana presha tangu mimi nikiwa shule ya msingi, akaandika: "Haya, nitajaribu."

Niliandika jibu nikafuta. Nikaandika tena nikafuta tena. Mara ya nne nilikuwa na sentensi moja tu: "Shikamoo shangazi, tafadhali usiache vidonge, presha yenyewe ndiyo inaharibu figo." Ni sahihi, na ni jambo ambalo nimemwambia mteja zaidi ya mara mia. Mapumziko yakaisha, nikaiweka simu mfukoni. Sikuituma.

Wiki tatu baadaye shangazi alianguka bafuni. Kiharusi. Alhamdulillahi yuko hai na anatembea, lakini mkono wake wa kulia hauna nguvu, na huo ndio mkono uliosukuma chapati za familia nzima. Siwezi kuapa kwamba ni ule ujumbe uliomwangusha. Presha inaweza kupanda hata kwa mtu anayekunywa dawa kila siku. Ninachojua ni kwamba alikuwa ameacha vidonge siku ileile.

Kwa nini sikutuma

Ukweli wenyewe unanitia aibu kidogo. Miezi michache kabla ya hapo mume wangu alikuwa amenipikia biriani, na mimi kwa furaha nikaandika kwenye grupu: "Leo nimepikwa biriani na mume wangu." Nilitaka kusema nimepikiwa. Herufi moja tu imekosekana, nikawa mimi ndiye kitoweo. Ami mmoja akauliza kama nimeiva. Binamu akatuma picha ya sufuria. Nilicheka nao, manake kweli inachekesha. Lakini tangu siku hiyo jina langu humo ni Bi Biriani, na tangu siku hiyo kila nikitaka kuandika sentensi ndefu kuliko "amin" naisoma mara tatu, kisha natuma dole gumba.

Najua siko peke yangu. Ukiwa umekulia Leicester au Toronto, Kiswahili chako ni cha jikoni na cha kwenye gari. Unasikia kila kitu, unajibu nusu. Sasa uje umwambie mtu mzima, mbele ya watu 45, kwamba ujumbe walioupigia makofi wote ni wa uongo? Kwa ngeli zako hizo? Na yeye ni shangazi yako na wewe ni mtoto wa kaka yake? Unaona bora kunyamaza, unaiita adabu.

Lakini kilichonichoma zaidi nilikijua baadaye. Shangazi alipotoka hospitali tulipigiana simu sana. Binamu yangu wa Muscat ni muuguzi. Akaniambia huku analia, "Mi niliuona ule ujumbe. Nikasema wewe utajibu, wewe ndo mtu wa dawa." Nami nilikuwa nimesema atajibu yeye, kwa sababu Kiswahili chake kimenyooka. Kijana wetu wa Toronto anasoma biolojia chuoni. Naye aliuona, akajiambia yeye ni mdogo mno. Na binti wa shangazi mwenyewe, anayeishi naye nyumba moja, alishuku tangu mwanzo, ila alipoona watu wote wanashukuru akadhani yeye ndiye asiyejua.

Basi tulikuwa wanne. Ujuzi wa kumkinga shangazi ulikuwemo ndani ya lile grupu, kwenye vichwa vinne tofauti, na hakuna hata kimoja kilichofunguka. Jambo hili limenikaa, na ndilo lililonifanya nisome kuhusu akili ya pamoja, yaani vipi watu wengi wanaweza kujua kitu ambacho mmoja wao peke yake hakijui, na vipi watu haohao wanaweza kukosea pamoja wakati kuna wanaojua.

Maksai wa Plymouth

Mfano unaotajwa sana ni wa hapahapa Uingereza. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, watu walilipa pesa kidogo wakakisia uzito wa maksai mmoja mnene atakapokuwa ameshachinjwa na kusafishwa. Walikuwemo wachinjaji na wafugaji, lakini pia watu waliopita tu na hawajui lolote. Francis Galton, mwanasayansi aliyekuwa na imani ndogo na akili za watu wa kawaida, alizichukua kadi zao akazipanga. Zilizosomeka zilikuwa 787. Jibu la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito wa kweli ulikuwa ratili 1,198. Umati ulikosea kwa chini ya asilimia moja. Galton aliyachapisha matokeo hayo mwaka uliofuata kwenye jarida la Nature.

Watu wakisimulia kisa hiki huishia hapo: oneni, umati una akili. Mi naomba turudi kwenye ile kadi. Kila mtu aliandika namba yake mwenyewe, kwenye kadi yake, akaikabidhi. Hakuna aliyesimama juu ya meza akatangaza "ratili 2,000!" halafu wengine 786 wakaitikia MashaAllah. Huyu alikosea kwa kuzidisha, yule kwa kupunguza, na makosa yao yakafutana kwa sababu hayakutoka chungu kimoja.

Kwenye grupu letu mambo yalikuwa kinyume kabisa. Watu 19 waliojibu hawakutoa maoni 19. Walirudia moja, na hilo moja lenyewe halikuwa la mtu yeyote miongoni mwao. Ukiuhesabu ushahidi ule kwa haki, ulikuwa wa mtu mmoja asiyejulikana. Watu arobaini wakisambaza ujumbe mmoja hawawi mashahidi arobaini.

Lugha yetu inalijua hilo tangu zamani. Tuna neno uvumi na tuna neno ushahidi, na hatuyachanganyi. Uvumi hauna mwenyewe. Ushahidi una mtu aliyeona, mahali alipokuwa, na siku yenyewe. Sio bure kwamba Januari 2008, Kenya ilipokuwa inaungua baada ya uchaguzi na matangazo ya moja kwa moja yamepigwa marufuku, Ory Okolloh na wenzake wachache walianzisha mfumo wa ramani wakauita Ushahidi. Baadhi yao walikuwa nje ya nchi kama sisi. Watu wa kawaida walituma kwa SMS na barua pepe walichokiona: hapa pamechomwa, hapa barabara imefungwa, hapa watu wamekimbilia. Kila taarifa iliwekwa mahali pake kwenye ramani. Miaka miwili baadaye mfumo huohuo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Nguvu yake ilikuwa kumuuliza kila mtu umeona nini na wapi. "Umesikia nini" halikuwa swali lake.

Kuitikia

Mimi nilisoma chuo cha Kurani nyuma ya msikiti, Jumamosi na Jumapili, watoto thelathini kwenye zulia moja. Maalimu anasoma, sisi tunaitikia kwa sauti moja. Nilijifunza mengi pale na sina ubaya nacho. Lakini nilijifunza pia ufundi mmoja ambao nadhani hata wewe unao: kufungua mdomo nusu sekunde baada ya wenzako, ili uonekane unajua. Sauti ya pamoja huwa tamu, na ndani yake unaweza kujificha miaka mitatu bila mtu kugundua kwamba hujui kusoma.

Kuna mwalimu wa fizikia wa Harvard, Eric Mazur, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aligundua kitu kama hicho kwa wanafunzi wake. Walikuwa wanafaulu mitihani, lakini akiwauliza swali jepesi la kuonyesha kama wameelewa, wengi wanakwama. Akabadilisha darasa. Anatoa swali, kila mwanafunzi anajibu peke yake kwanza na jibu lake linarekodiwa. Kisha anamgeukia jirani yake ambaye ana jibu tofauti, wanabishana dakika chache. Halafu wanajibu tena. Kwa kawaida majibu sahihi huongezeka katika mzunguko wa pili, kwa sababu aliyeelewa jana anakumbuka bado pale alipokwama, kwa hiyo anamweleza mwenzake vizuri kuliko profesa aliyeelewa miaka thelathini iliyopita.

Tazama mpangilio wake. Jibu lako kwanza, mazungumzo baadaye. Ukianza na mazungumzo, mwenye sauti kubwa ndiye anayejibu kwa niaba ya wote.

Nimelijaribu hili kwenye familia. Baba yangu ana picha ya zamani iliyopigwa Mji wa Kale, Mombasa: wanawake watano wamekaa barazani, hakuna tarehe nyuma. Niliituma kwenye grupu kuuliza ni lini. Ami yangu mkubwa akajibu mara moja, "Hii ni harusi ya 1971." Ndio, ndio, ndio, wakaitikia tisa. Mwaka jana nikaanza upya. Nikamtumia kila mzee picha ileile peke yake, nikamwomba anitumie voisi na asimuulize mtu. Zilikuja voisi kumi na moja, na hakuna mbili zilizofanana. Mmoja aliutambua mlango. Mwingine alisema hapakuwa na harusi siku ile, ilikuwa ni hitima, tazama hakuna aliyejipamba. Shangazi mdogo wa Muscat akasema, "Huyo wa mwisho kulia ni bibi yetu mzaa bibi, na alifariki 1968. Sasa harusi ya 1971 alihudhuriaje?" Ami mwenyewe alicheka sana nilipomchezea voisi hiyo. Yeye alikuwa anakumbuka baraza ileile, ila siku nyingine. Zile voisi kumi na moja ndiyo historia ya familia yetu iliyo bora kuliko yote niliyowahi kuwa nayo, na karibu zote zilikuwepo muda wote, chini ya "ndio, ndio, ndio".

Na adabu je?

Najua kuna atakayesema tunataka kuwafundisha wazee. Mama yangu alisema hivyohivyo nilipomsomea rasimu ya makala hii. Akanikumbusha: penye wazee haliharibiki neno. Nami naukubali msemo huo. Lakini neno halikuharibika mbele ya wazee siku ile kwa sababu hawana hekima. Liliharibika kwa sababu walikosa habari, na habari tulikuwa nazo sisi. Mzee atatengeneza vipi jambo ambalo hakuambiwa? Tulimheshimu shangazi kwa kunyamaza, na heshima ile haikumfaa kitu.

Njia ya adabu ipo. Unaweza kumpigia pembeni, bila kumvunjia yeyote heshima kwenye kadamnasi. Unaweza kuanza na shikamoo, ukasema unachokijua na umekijuaje: "Nafanya kazi ya dawa, na kazini tunaona hivi." Hiyo ni tofauti kubwa na kusema "nyinyi hamjui." Umetoa ushahidi, mzee ataupima.

Na kwa wale wenye Kiswahili kilichonyooka, waliokulia kule au waliobahatika kufundishwa vizuri: jamani, mkitucheka tutacheka nanyi, lakini mjue mnanunua kicheko hicho kwa bei gani. Kila mara mtu anapochekwa kwa ngeli, kuna jambo moja analijua ambalo hatawaambia tena. Sahihisheni, ndiyo, tunataka kusahihishwa. Jibuni hoja kwanza, halafu rekebisheni sarufi.

Kuna jaribio maarufu la Solomon Asch, la miaka ya 1950 huko Marekani. Mtu anaonyeshwa mistari, anaulizwa upi una urefu sawa na huu. Jibu linaonekana wazi kwa macho. Lakini kabla yake wanajibu watu kadhaa waliopangwa, wote wanataja mstari usio sahihi. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata kosa la wenzao angalau mara moja. Sehemu inayonipa moyo mimi ni hii: mtu mmoja tu kwenye kundi akitoa jibu sahihi, yule mwingine anapata nguvu ya kusema anachokiona, na makosa ya kufuata mkumbo yanapungua sana.

Kwa hiyo si lazima uwe shujaa wa kwanza. Unaweza kuwa wa pili. Kama mtu ameandika "mimi nadhani hii si kweli" na wote wamenyamaza, andika "hata mimi kazini nimeona hivyo." Wa tatu na wa nne watajitokeza wenyewe. Sisi tulikuwa wanne, na tulichokosa ni wa kwanza na wa pili.

Mimi na binamu wa Muscat sasa tuna makubaliano. Atakayeona kwanza anaandika, mwingine anaunga mkono palepale, bila kujali Kiswahili kiko vipi. Mwezi uliopita ukaja ujumbe wa mishale miwili kuhusu sindano za sukari, kwamba mtu aziache atumie majani fulani. Moyo ulinidunda kama siku ile. Niliandika bila kusoma mara ya pili: "Shikamooni wote. Mimi ni mfamasia. Tafadhali mwenye sukari asiache sindano yake, dawa hii ni mzuri na kuiacha ghafla ni hatari." Dakika mbili baadaye binamu akaandika, "Kweli kabisa, wodini tunawapokea walioziacha."

Grupu likanyamaza. Kisha ami, yuleyule aliyeniuliza kama nimeiva, akajibu: "Nzuri, Bi Biriani. Dawa nzuri, si mzuri."

Na chini yake, baada ya muda kidogo: "Kwa hiyo mimi nisiziache?"

Nilikuwa sijui kama ana sukari. Hakuwahi kutuambia. Nilimpigia hapohapo, tukazungumza nusu saa, na kesho yake akarudi kliniki yake.

Kipindi kijacho tutalizungumzia hili, na nina ombi. Tutumie voisi: ni kitu gani unakijua kuhusu afya, pesa, shule au historia ya kwenu, ambacho hujawahi kukisema kwenye grupu la familia yako? Rekodi kabla hujamuuliza mtu. Na usirudie kurekodi kwa sababu ya ngeli.